Rezista Kwenye Shanga za Mama Mkwe

Kuna boma moja mbele ya Kajiado, ukiwa unaelekea Bisil, ambapo nikishuka tu kwenye gari watoto wanakimbia na kuniinamishia vichwa huku wakikufa kwa kicheko, na hata wazee wanaopaswa kuwakemea wanageuka upande wa pili ili nisione mabega yao yakitikisika. Nimezoea. Mtu aliyefanya nilichofanya mimi siku ile, mbele ya wakwe, mbele ya mchungaji, mbele ya mama yake mzazi aliyevaa kitambaa kipya cha kichwa, hana haki ya kununa. Kwa hivyo acheni niwasimulie mwenyewe, kwa sababu nimesikia Kitengela inasimuliwa kwamba nilimshika mama mkwe, na hilo ni uongo. Sikumshika. Nilimsoma tu.

Kwanza mjue kazi yangu. Mimi ni fundi wa redio, TV na spika, nina kibanda changu Kitengela nyuma ya stoo za mabati, pale ambapo vumbi la malori ya simiti linakuja kupumzika. Naisiae aliingia kwangu siku moja na redio kubwa ya zamani ameibeba kifuani, akasema ni ya nyanya yake, Koko, na kwamba imekufa sauti. Niliifungua, nikaipima, nikaifunga, nikaiwasha, jirani zangu wote wakapiga kelele nipunguze. Redio haikuwa na shida yoyote. Naisiae akaiangalia kwa muda, kisha akasema polepole, "Basi ni masikio yake." Na nilivyoona uso wake (mimi ni mtu wa kuyeyuka haraka, mamangu husema nilitakiwa kuzaliwa mshumaa) nikajikuta nimesema nitatafuta njia.

Huko kutafuta njia ndiko kulikotufanya tupendane, nisiwachoshe na hayo. Aliketi kibandani kwangu jioni nyingi baada ya kufunga duka la dawa za mifugo anakofanya kazi, nikamfundisha kutambua vitu. Hii yenye miguu mitatu ni transista, hili pipa dogo ni kapasita, na haka kadogo kenye mistari ya rangi ni rezista, kazi yake ni kuuzuia umeme usipite kwa fujo. Rezista haiandikwi namba, ni ndogo mno, kwa hivyo inavalishwa rangi. Nyeusi ni sifuri, kahawia moja, nyekundu mbili, orenji tatu, unaenda hivyo hadi nyeupe ambayo ni tisa. Rangi mbili za kwanza ni namba, ya tatu inakuambia uongeze sifuri ngapi, na mwishoni kuna mstari wa dhahabu unaokuonyesha kwamba huku ni mkiani, anza kusoma upande ule mwingine. Naisiae alishika haraka kuliko mimi nilivyoshika chuoni. Alisema kwao mtoto anajua rangi za ng'ombe kabla hajajua jina lake.

Halafu nikampenda na Koko pia, hilo niliseme wazi. Koko ndiye aliyemzaa baba yake Naisiae. Baba huyo alifariki zamani, na mama yake Naisiae hakuondoka, alibaki na mama mkwe wake wakazeeka pamoja kwenye lile boma. Mara ya kwanza nilipofika pale niliona jambo lililonikaa rohoni. Watu walikuwa wanapiga stori, mtu akasema kitu cha kuchekesha, wote wakacheka, na Koko akawaangalia mmoja baada ya mwingine, kisha naye akacheka, peke yake, wengine wakiwa wameshamaliza. Alikuwa anacheka wa mwisho kila mara. Akiuliza kimesemwa nini, anaambiwa kwa kifupi, maneno mawili matatu sikioni, na Naisiae aliniambia kitu ambacho Koko husema akikasirika: "Mimi nakula makombo ya maneno."

Kwa hivyo nilipokubaliwa kuja na watu wangu kujitambulisha rasmi, Koko alitoa sharti lake. Siku hiyo mjukuu wake ataulizwa mbele ya wote kama anamjua huyu kijana na kama anamkubali, na yeye Koko anataka kusikia jibu kwa masikio yake mwenyewe, hataki kuambiwa. Nikaahidi. Nilikuwa nimemtengenezea kifaa, kisanduku kidogo (kilikuwa cha sabuni, nilikipaka rangi) chenye betri, saketi yake, maiki kwenye waya mrefu, na zile spika za kuvaa masikioni. Unaweka maiki karibu na anayeongea, Koko anasikia. Kazi rahisi tu, lakini niliifanya kwa uangalifu wote, kwa sababu nilitaka huyo nyanya anisikie nikikubaliwa.

Aliyekuwa bado hajanipokea ni Mama, yaani mama mkwe, ambaye wote pale wanamwita Yeyo. Hakuwa mbaya. Alinisalimia kwa heshima na kwa umbali, kama inavyotakiwa kati ya mama na mkwe mwanamume kwa desturi yao, lakini nilihisi kwamba ule umbali alikuwa ameuongeza kidogo. Nilimletea leso, akaiweka kabatini. Nilimletea birika, akashukuru na kulirudisha kwenye boksi lake. Naisiae alikuwa akiniambia, "Yeyo hana neno na wewe, ni vile tu hajui wewe ni mtu wa aina gani."

Sasa sikieni kosa lilipozaliwa, na lilizaliwa dogo, dogo kabisa. Jumamosi iliyotangulia siku yenyewe nilikwenda kujaribu kifaa kwa Koko. Mama na akina mama wenzake walikuwa barazani wakitunga shanga, kila rangi kwenye kifuniko chake, kifuniko cha nyekundu, kifuniko cha nyeupe, kifuniko cha buluu. Mimi niliketi pembeni kidogo nikibadilisha rezista moja hapa moja pale ili sauti masikioni mwa Koko itulie. Na upepo wa Kajiado mnaujua, hauombi ruhusa. Ulinipeperushia karatasi niliyomwagia rezista zangu, nikaziokota, nikaona kifuniko kitupu kimelala pale, nikasema, ah, ngoja niziweke hapa. Hayo tu. Ningeziweka mfukoni leo ningekuwa mtu wa heshima zake. Kifaa kikafanya kazi, Koko akasikia mbuzi akikohoa nyuma ya nyumba akapiga makofi, mimi nikavimba kichwa kwa furaha, gari la kunirudisha Kajiado likapiga honi, nikaaga nikakimbia. Kifuniko nikakiacha pale pale, katikati ya vifuniko vingine.

Siku ya siku tulitoka Kitengela asubuhi, mimi, mamangu, mjomba wangu mwenye gari na wazee wawili wa kanisa letu. Kifaa nilikifunga kwenye taulo nikakiweka kwenye buti kwa upole wote. Lakini tulipofika Isinya mamangu akakumbuka sukari, ikanunuliwa bandali nzima, na mjomba (Mungu ambariki, mimi bado najaribu) akaitupa hiyo bandali juu ya taulo langu.

Tulipokewa vizuri. Turubai limesimikwa, viti vimepangwa, akina mama wamependeza, Koko ameketi mbele kabisa na shuka jipya, fimbo mkononi, ananitazama mimi tu. Nikamvalisha spika masikioni. Nikawasha. Nikamsalimia kwenye maiki kwa lugha yao, "Koko, takwenya." Koko akaendelea kunitazama. Nikasema tena. Akatingisha kichwa, na akanipiga kidogo gotini kwa mkono kama kuniambia nisiwe na haraka, yeye yupo tu.

Nikachomoa kisanduku, nikamwachia spika masikioni, nikazunguka nyuma ya gari nikakifungua. Rezista ile inayoipa maiki umeme wake ilikuwa imevunjika mguu, umekatika mzizini kabisa, hata solda, ile risasi ya kuunganishia, haina pa kushika. Ilikuwa ya ohimu, ndicho kipimo chake, elfu kumi. Kahawia, nyeusi, orenji. Kitu ambacho Kitengela nakifagia na uchafu. Nikakung'uta begi lote, mita ipo, koleo ipo, waya zenye vibanio zipo, rezista hakuna hata moja. Nikafikiria redio ya gari la mjomba, lakini redio za siku hizi rezista zake ni chembe za sukari. Redio ya Koko iliyojaa rezista za zamani zilizonona ilikuwa imelala mezani kwangu kibandani. Nikashika kichwa. Hapo ndipo nikakumbuka kifuniko, na nikafurahi, nikasema Mungu ni mwema, nitamwomba mtu anitolee kile kifuniko.

Mama akatoka ndani ya nyumba.

Alikuwa amevaa shanga pana mpya, zinazoshuka kutoka shingoni hadi kifuani, nyekundu na nyeupe na buluu zikipandana, na wanawake wakapiga vigelegele, na kweli zilikuwa nzuri, nami nikapiga makofi pamoja na wengine, hadi jua likagonga mstari wa mwisho kabisa wa chini, nikaona dhahabu. Mistari midogo ya dhahabu. Makofi yangu yakafia hewani. Kati ya kila shanga nyekundu na nyeupe ilikaa rezista yangu moja, zimefungwa kwa miguu yao wenyewe, waya kwa waya, kazi safi hata mimi siwezi.

Nikaanza kuzisoma nikiwa nimesimama mbali, sikuweza kujizuia. Ile ya manjano, zambarau, nyekundu, hiyo ni elfu nne na mia saba, hainisaidii. Ile ya kijani, buluu, nyeusi, achana nayo. Zikabaki mbili, moja upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia, zote zina nyeusi katikati na rangi za udongo pembeni. Moja inaweza kuwa kahawia-nyeusi-orenji, elfu kumi yangu. Nyingine ikawa orenji-nyeusi-kahawia, ambayo ni mia tatu tu, haifai kitu. Ni rezista mbili zinazotazamana kama kwenye kioo, na kinachokuambia ipi ni ipi ni ule mstari wa dhahabu, na Mama alikuwa amezisukuma shanga nyeupe zikafunika mikia yote miwili. Ilibidi mtu asogee karibu.

Ningemwambia Naisiae, mambo yangeisha. Lakini Naisiae alikuwa amefichwa ndani na wasichana wenzake hadi aitwe, na mchungaji alikuwa ameshaanza kukohoa kile kikohozi cha kutaka kuomba, na salamu zilikuwa zimeanza. Watu wangu wanasalimia mmoja mmoja. Naisiae alikuwa amenifundisha vizuri sana: wewe ni mwanamume mzima, Yeyo humkaribii, unasimama pale, unasema "takwenya, Yeyo," anaitikia "iko," unapita. Wanaoinamisha kichwa ili washikwe ni watoto.

Nikafika mbele ya Mama. Nikasema takwenya. Akaitikia iko. Na badala ya kupita, nikasogea hatua mbili, nikainamisha kichwa.

Macho yote yakatugeukia. Mama wa watu angefanya nini? Akaweka mkono juu ya kichwa changu, kama anavyowekea watoto wa darasa la kwanza, akautoa. Salamu imekwisha. Mimi bado nimeinama. Macho yangu yako kwenye mstari wa chini wa shanga, nasoma, na mnajua fundi akisoma mdomo wake nao hufanya kazi bila ruhusa, nikawa naenda, "Brauni... bleki... orenji... goldi iko wapi... goldi..." Mama akarudi nyuma hatua moja. Nami (Bwana nihurumie) nikasogea hatua moja mbele, bado nimeinama, ndipo nikaiona, mkia wa dhahabu ukichungulia chini ya ushanga mweupe, ile ya upande wa kulia, nikasema kwa sauti ya mtu aliyeokoka, "Ndiyo hii!"

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka. Halafu turubai zima likapasuka. Wazee walishika fimbo ili wasianguke, wanawake walijifunika leso, mchungaji alijifanya anatafuta ukurasa. Mamangu alikuwa amefumba macho kabisa, midomo inaenda, nadhani alikuwa anaomba nife kwa amani. Na katikati ya kicheko chote kile nikasikia Koko akiuliza kwa sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia, "Mnacheka nini? Nini? Ee?" Akawatazama mmoja baada ya mwingine. Kicheko kiliwabana. Basi naye akacheka, wengine walipokwisha nyamaza, peke yake, bila kujua anacheka nini. Aibu yangu yote niliivumilia siku ile isipokuwa hiyo hapo.

Baba mkubwa wa Naisiae, mzee Parsaloi, ndiye aliyekuwa msemaji wao. Akasafisha koo. "Kijana," akasema, "umepoteza kitu hapo?"

Kabla sijafungua mdomo Mama akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiongea mbele ya watu kwa ajili yangu. "Muache. Anaangalia ushanga yake. Alileta yeye."

"Alileta yeye?"

"Ile siku alikuja. Aliniwekea kwa kifuniko, hata hakusema kitu, akaenda. Ziko na waya yake, ziko na rangi nyingi, sijawahi ona kama hizo hata Kajiado soko." Akazigusa kwa vidole. "Nikasema, kumbe huyu mtu anaonanga kazi yangu." Akatazama chini. Alikuwa anatabasamu.

Sasa niambieni mngefanya nini. Leso haikumfikia, birika halikumfikia, na kumbe kitu kilichomfikia ni uchafu wa kazi yangu niliousahau. Na mle ndani ya uchafu huo ndimo mlimokuwa masikio ya Koko. Nikisema ukweli namvunja Mama moyo. Nikinyamaza, Koko atakula makombo siku ile ya siku zote. Mzee Parsaloi, ambaye alikuwa ameshapendezwa, akaketi vizuri. "Kwetu rangi ya shanga inaongea," akasema. "Basi tuambie. Hizi za kwenu zinasema nini?"

Nikachagua njia ya tatu, ya wapumbavu. Nikasema, "Mzee, hii... hii brauni ni udongo wa Kajiado. Nyeusi ni, ni mawingu ya mvua. Orenji ni..." (orenji ilinigomea) "ni machungwa." Watu wakaitikia kwa heshima. Nikapata moyo. "Na dhahabu ni upendo usio na mwisho."

"Njoroge!"

Naisiae alikuwa amesimama mlangoni. Kicheko kilimtoa ndani kabla ya kuitwa. Alimtazama mama yake kifuani, akanitazama mimi, akaona spika masikioni mwa Koko na kisanduku kikiwa wazi mkononi mwangu, na yule msichana niliyemfundisha rangi mwenyewe akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa mbuzi, "Si hizo ni rezista? Na upendo usio na mwisho si ni asilimia tano?"

(Ni kweli. Mstari wa dhahabu unamaanisha inaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia tano. Lakini si mahali pa kusemea.)

Hapo sikuwa na pa kwenda. Nikamgeukia Mama, nikatazama miguu yake, nikasema yote. Nikasema, Yeyo, sikukuletea, nilisahau. Ni vitu vya kazi yangu. Sikujua ni zawadi hadi ulipozifanya zawadi. Kifaa cha Koko kimevunjika na kinachokosekana ni kimoja tu, na kiko kwenye shanga zako, na sikuinama kwa ubaya, niliinama kwa sababu sikuweza kuona. Nilipofika mwisho machozi yalikuwa karibu, siwafichi.

Mama akazishika zile shanga kwa mkono. Tabasamu liliondoka, nikaliona likiondoka, na nikajua nimempoteza. Koko akagonga fimbo chini. "Anasema nini huyo? Mbona analia?" Mtu mmoja akainama kumwambia kwa kifupi. Mama akamtazama yule mtu akitoa yale maneno mawili matatu, akamtazama mama mkwe wake akijitahidi kuyashika. Kisha akatembea. Nilidhani anaingia ndani kuvua. Akachukua kiti, akakiburuta hadi kwa Koko, akaketi, bega kwa bega.

"Mimi sivui," akasema. "Ushanga nimevaa kwa siku ya mtoto wangu haivuliwi katikati ya shughuli. Lakini hiyo kitu yako si iko na waya?"

Ilikuwa nazo. Waya mbili zenye vibanio. Sikuwa nimewaza hivyo hata kidogo.

Mimi siruhusiwi kukaribia, na baada ya yale nisingeruhusiwa hata na katiba, kwa hivyo nikachomeka tena spika za Koko, nikawageuzia mgongo, nikatazama barabara ya Bisil, na Naisiae akapiga magoti nyuma ya kiti cha mama yake akashika vibanio. "Ni gani?" akauliza. "Ya kulia," nikasema. Akabana. Nikawasha. Koko akatingisha kichwa, hakuna. Nilikuwa naanza kulaumu betri, hadi nilipokumbuka kwamba mimi nilimsoma Mama kwa mbele na Naisiae yuko nyuma yake, kulia kwangu ni kushoto kwake. "Hapana, hiyo ni mia tatu! Ile ingine! Inaanza na brauni!" Watu walianza kunisaidia, turubai zima, wazee kwa watoto, "Brauni! Anza na brauni!" Kibanio kikashika.

Koko akaruka kidogo kitini. Akainua mkono watu wote wanyamaze.

Maiki ilikuwa imelazwa juu ya meza ya wageni, na wa karibu nayo alikuwa mamangu, ambaye alikuwa akimnong'oneza mwanamke jirani yake, polepole kabisa, "Huyu mtoto amenimaliza, wacha tu. Nimeaibika hadi kwa viatu."

Na Koko, kutoka mwisho ule mwingine, kwa sauti ya kuita ng'ombe, akamjibu: "Mama Njoroge, usilie! Hata mimi nilikuwa na mmoja hivyo! Alikuwa mzuri sana!"

Hakuna aliyecheka. Mama alishika mkono wa Koko. Yule mmoja wa Koko ndiye aliyekuwa mume wa Mama, baba yake Naisiae. Mamangu akavuta kitambaa chake kipya hadi machoni.

Mwishowe mzee Parsaloi akasimama. Sala ikasomwa, Koko akasema amina kwa wakati, pamoja na wengine, na nikaona watu wakigeuka kumtazama. Kila Mama alipojisogeza kitini kibanio kilikwaruza na Koko akamfinya, "Tulia wewe, unanikwaruza," na Mama, ambaye sijawahi kumwona akiamrishwa na mtu, akatulia. Naisiae akaitwa katikati. Akapewa maiki aishike. Mzee akamuuliza, "Huyu kijana unamjua?"

Naisiae akanitazama, mimi na macho yangu mekundu na kipande cha solda kimenikwama shatini. Aliisogeza maiki hadi karibu kabisa na midomo akanong'ona, chini kabisa, hata mimi niliyesimama karibu sikusikia kitu. Hakuwa anamjibu mzee. Alikuwa anamjibu Koko.

Na Koko akacheka. Alicheka peke yake, kichwa nyuma, meno yake machache yote nje, akampiga Mama paja kwa kiganja, na sisi wengine wote, wazee, mchungaji, watu wa Kitengela na watu wa Bisil, tukamtazama na kutazamana tukiulizana, "Amesema nini? Amesema nini?"

"Amesema ndiyo," Koko akatuambia, kwa kifupi. Hakutupa zaidi ya hapo, na hadi leo hakuna aliyenieleza mengine.

Nilikiwekea kifaa rezista yake mpya wiki iliyofuata, na Koko hutembea nacho hadi kisimani. Mama ameniomba "zile shanga zenye waya," nami nilimpelekea pakiti nzima, nikampa kwa mkono wa Naisiae, nikasema wazi mbele ya mashahidi kwamba hii ni zawadi. Na nimeapa, ninyi mkiwa mashahidi wangu pia, kwamba rezista zangu zitakaa kwenye kopo lenye kifuniko chake, na kwamba nikimsalimia Yeyo nitasimama mbali na kutazama milima, avae chochote atakachovaa. Shida ni yeye. Nikisema takwenya siku hizi haitikii haraka. Anangoja kwanza, mkono umeinuka kidogo, na watoto wote wakinyamaza kuangalia kama nitainama. Na huwa nainama.